Jenga Ukingo Juu ya Dari Yako

Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, 1 Wafalme 19:1-8, Matendo ya Mitume 20:7-12



Jumapili hii tunaomba mfungue Biblia zenu mahali ambapo mahubiri hayatoki mara nyingi: Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8. Ni mstari mmoja tu, katikati ya amri za mambo ya kila siku: ng'ombe wa ndugu yako aliyepotea, kiota cha ndege njiani, mbegu za shamba la mizabibu. Hapo Mungu anamwagiza mtu anayejenga nyumba mpya azungushe ukingo juu ya dari yake, ili mtu akianguka kutoka huko, damu yake isiwe juu ya nyumba hiyo.

Nyumba za Israeli zilikuwa na paa bapa, na watu walipanda juu kwa shughuli nyingi. Rahabu alitandika huko mabua yake ya kitani. Petro alipanda huko kusali, saa sita mchana, kule Yafa. Mungu hakuwakataza watu kupanda darini. Lakini pia hakusema kila mtu ajiangalie mwenyewe, na atakayeanguka ni shauri lake. Alimpa mwenye nyumba kazi ya kufanya kabla mtu yeyote hajaanguka. Mgeni hajui dari inaishia wapi gizani. Mtoto anayecheza hatazami nyuma. Mwenye nyumba ndiye anayejua, kwa hiyo yeye ndiye anayeulizwa.

Leo tunazungumza juu ya dari moja ambayo familia zetu hupanda kila siku hapa Marekani, nayo ni vinywaji vya kuongeza nguvu. Mnavijua. Viko kwenye friji za kila kituo cha mafuta na kwenye mashine za kazini. Baba anabeba makopo mawili kwenda zamu ya usiku ghalani. Mama anayehudumia wazee anafungua lake saa tisa ya usiku ili asisinzie. Kijana anakunywa moja kabla ya mpira, na jingine akisomea mtihani. Na makopo hayo tumeyaokota chini ya viti vya kanisa, asubuhi baada ya mkesha.

Kilichomo ndani ya kopo

Kazi kubwa ndani ya vinywaji hivi inafanywa na kafeini, ile ile iliyomo kwenye chai na kahawa. Tofauti ni kiasi, na namna kinavyonyweka. Kopo la soda ya kola la aunsi 12 lina kafeini kama miligramu 35. Kikombe cha kahawa cha aunsi 8 kina kama miligramu 95. Kopo la aunsi 16 la aina nyingi za vinywaji hivi lina miligramu 160, na zipo aina zenye 200 hadi 300 katika kopo moja. Kuna vichupa vidogo vya aunsi 2, unavyomaliza kwa mkupuo mmoja, vyenye miligramu 200. Kahawa ya moto huinywa polepole. Kopo la baridi na tamu kijana hulimaliza kwa dakika mbili, kisha anafungua la pili.

Tena iko sukari. Kopo la aunsi 16 lisilo la aina ya bila sukari huweza kuwa na gramu zaidi ya 50. Hivyo ni vijiko kumi na viwili vya chai au zaidi. Hakuna mama hapa ambaye angemwekea mtoto vijiko kumi na viwili katika kikombe cha uji.

Kafeini haikupi nguvu. Tangu tunapoamka, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, na kadiri kinavyoongezeka ndivyo tunavyosikia usingizi. Kafeini huingia na kukaa mahali pake, ili ubongo usisikie. Uchovu bado upo pale pale, ila umefungiwa mlango. Wakati huo moyo unaenda mbio na presha inapanda. Wengine hutetemeka mikono, hupata wasiwasi bila sababu, na usiku hawalali. Kwa mtu mwenye kasoro ya moyo, pengine asiyoijua, hatari ni kubwa zaidi.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya hapa Marekani, inayojulikana kama FDA, inasema mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hadhuriki kwa kafeini isiyozidi miligramu 400 kwa siku. Kwa mama mjamzito madaktari hushauri isizidi 200. Kuhusu watoto na vijana, chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tamko mwaka 2011: vinywaji hivi havina nafasi katika chakula chao. Kwa mwaka huo huo wa 2011, ripoti ya serikali ilihesabu zaidi ya mara 20,000 ambazo watu walifika vyumba vya dharura vya hospitali nchini kwa mambo yaliyohusu vinywaji hivi, mara mbili ya hesabu ya mwaka 2007.

Dari isiyo na ukingo

Hapa tunawaomba wazazi mtusikilize vizuri.

Wengi wetu tulipofika nchi hii tuliona jinsi sheria zinavyofuatwa. Dukani wanaomba kitambulisho kwa bia. Kwa sigara, tangu Desemba 2019, hawaruhusiwi kumuuzia yeyote ambaye hajafikisha miaka 21. Basi mzazi anahitimisha moyoni: kile ambacho mtoto wangu anauziwa bila kuulizwa, lazima kiwe salama. Kwa kinywaji hiki, hesabu hiyo si sahihi. Hakuna sheria ya taifa zima inayomzuia mwenye duka kumuuzia mtoto wa miaka kumi kopo lenye miligramu 300 za kafeini. Hakuna pia sheria ya taifa inayoilazimu kampuni kuandika idadi ya miligramu kwenye kopo. Nyingi huiandika kwa hiari, kwa mapatano ya chama chao. Kwa soda za kola, FDA ina kiwango cha kafeini inachokitambua kuwa salama, kama miligramu 71 kwa aunsi 12. Vinywaji vya kuongeza nguvu hupita juu sana ya kiwango hicho, na bado vinauzwa rafu moja na soda.

Kwingine wamejenga ukingo. Lithuania ilizuia kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, na Poland ikafanya hivyo kuanzia Januari 2024. Kanada, jirani zetu, wameweka mwisho wa miligramu 180 kwa kopo la mtu mmoja. Uingereza, maduka makubwa yaliacha kuwauzia walio chini ya miaka 16 kwa hiari yao mwaka 2018, na mwaka 2025 serikali ikapendekeza jambo hilo liwe sheria kwa England.

Hata hapa Marekani sheria ikitaka inaweza. Novemba 2010, FDA ilizionya kampuni nne zilizokuwa zikiuza pombe iliyochanganywa na kafeini, na pombe za namna hiyo zikaondoka sokoni. Sababu ni hii: kafeini humfanya mlevi ajione hajalewa, naye anazidi kunywa, kisha anashika usukani. Vijana wetu wakubwa mnaochanganya wenyewe kwenye sherehe, jueni kwamba mnaurudisha mchanganyiko ule ule.

Basi tutafanyaje hadi sheria ije? Mstari wetu wa leo unajibu. Amri ile haikupewa mfalme wala waamuzi wa mji. Ilipewa mwenye nyumba. Serikali ijenge au isijenge, ukingo wa nyumba yako ni kazi yako.

Mkate, maji na usingizi

Sasa tuseme na watu wa zamu ya usiku, na tuseme kwa upole. Tunajua kodi ya nyumba haingoji. Tunajua wapo mama na wadogo zenu nyumbani wanaongojea kutumiwa ada ya shule. Hakuna anayekesha ghalani kwa starehe.

Mtazameni Eliya. Amemkimbia Yezebeli, ametembea mwendo wa siku moja jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Alikuwa mtumishi wa Mungu aliyeishiwa kabisa. Mungu alimpa nini? Kwanza alimwacha alale. Malaika akamgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamtaka ale tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake. Kwa chakula hicho alitembea siku arobaini hadi Horebu.

Safari ilikuwa kubwa na Mungu alijua. Hata hivyo hakumharakisha. Alimlaza mara mbili na kumlisha mara mbili, kisha akamwacha aende. Wazee wetu walisema mwili haujengwi kwa matofali, na malaika naye alikuja na mkate.

Kafeini hupungua nusu mwilini baada ya saa tano hivi. Anayekunywa miligramu 160 saa kumi ya alfajiri, saa tatu asubuhi anapopanda kitandani bado ana 80. Ndiyo maana analala saa tatu tu, anaamka kichwa kinauma, na usiku unaofuata anahitaji makopo mawili. Ukilazimika kunywa, kunywa mwanzoni mwa zamu, kiasi kidogo, kisha maji. Ukisinzia ukiwa njiani kurudi, usitegemee kopo. Egesha gari mahali salama, ulale kidogo. Wanao wanakutaka uchelewe kuliko usifike.

Nasi wengine tuwajengee hawa ukingo. Usimpigie simu mchana mtu wa zamu ya usiku, hata kwa habari za kamati. Nyumbani watoto wapunguze sauti, pazia nene lining'inizwe dirishani. Jirani anayepita njia ya shuleni awachukue na watoto wa mwenzake. Kulala mchana kwa mtu aliyekesha kazini si uvivu, na asiitwe mvivu katika kanisa hili.

Eutiko na mkesha wetu

Kule Troa, Paulo alihubiri hadi usiku wa manane. Kijana aitwaye Eutiko alikaa dirishani, usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Luka haandiki neno hata moja la kumlaumu. Anaandika kwamba Paulo alishuka na kumkumbatia, na kijana yule akarudishwa kwao akiwa hai.

Kijana anayesinzia kwenye maombi hajamkosea Mungu, na hana haja ya kopo ili aonekane wa kiroho. Katika mkesha wetu ujao mezani kutakuwa na maji, uji na chai nyepesi. Vinywaji vya kuongeza nguvu visiingie ukumbini. Chumba cha nyuma kitakuwa na mikeka, na mtu mzima wa kukaa na watakaolala. Huo ndio ukingo wa nyumba hii.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Shika kopo lililomo nyumbani mwako, utafute neno "caffeine". Karibu nalo kwa kawaida pana namba na herufi mg. Kama husomi Kiingereza, mwite mtoto akusomee, nawe umweleze maana yake. Kama namba haipo, kiache.

2. Kwa aliye chini ya miaka 18, kisiingie nyumbani. Mweleze sababu. Kijana akielewa sababu atakumbuka hata ukiwa mbali naye.

3. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au mimba, na anayetumia dawa za kila siku, amwulize daktari au mfamasia kabla ya kunywa.

4. Mtu akinywa kisha akaumwa kifua, akazimia, akapata degedege, au moyo ukamwenda mbio bila kutulia, piga 911 mara moja na uonyeshe kopo. Kwa maswali ya sumu, namba ya taifa ni 1-800-222-1222, saa zote, bila malipo. Hospitalini omba mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yako na hulipii.

Tuombe. Ee Bwana, wewe husinzii wala hulali, na kwa sababu hiyo sisi tunaweza kulala. Wakumbuke walio kazini usiku huu, uwarudishe salama mlangoni mwao. Walinde watoto wetu na vitu vitamu vinavyoumiza. Tupe mikono ya kujenga ukingo kabla mtu hajaanguka, na huruma ya kumkumbatia aliyekwisha kuanguka. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.