Mbele ya Kocha Mwenye Upendeleo, Nani Aseme?



Kila mwaka, mashindano ya mpira kati ya masomo yanapokaribia, vijana wetu wanatujia na lalamiko moja. Wanasema kocha hatazami miguu ya mtoto, anatazama mkono wa mzazi. Mtoto wa yule aliyeleta mbuzi anacheza hata akichoka. Mtoto wa mjane, hata akiwapita wote kwa mbio, anakaa inje akichunga nguo za wenzake. Akiuliza sababu, anaambiwa hana adabu. Basi wanatuuliza: Mkristo asimame mbele ya mkubwa wake, au anyamaze?

Wazee wengi wanajibu upesi: mkubwa ni mkubwa, nyamaza. Tunawaheshimu wazee, lakini jibu hilo halitoshi. Kutii ni kukimbia kocha anaposema kimbia, kufika kwa saa aliyoweka, na kukubali kukaa inje kama mwenzetu anacheza vizuri kutupita. Kocha ana haki ya kuchagua wachezaji 11, na wengine wanalia upendeleo kumbe ni uvivu wao. Sherti kijana ajipime kwanza. Lakini Maandiko hayatuagizi popote kuita uwongo wa mkubwa haki.

Sasa, nafasi ikiwa imeuzwa kweli, nani aseme? Watu wote wanamgeukia yule aliyeachwa inje. Sisi tunasema mzigo huu ni kwanza wa yule anayecheza. Aliyeachwa akisema, kocha atajibu: una wivu. Anayecheza akisema, jibu hilo linakosa nguvu, maana anasema neno linaloweza kumpotezea nafasi yake mwenyewe.

Tusome 1 Samweli 20. Saulo alitaka kumwua Daudi. Faida ingekuwa ya nani? Ya Yonatani, mwana wa mfalme. Baba yake alimwambia wazi kwamba ufalme wake hautasimama wakati Daudi angali hai. Yonatani angenyamaza tu, kiti kingekuwa chake. Lakini aliuliza Daudi amefanya nini hata auawe, na jibu la baba yake lilikuwa mkuki. Tuangalie mambo mawili. Alisema mezani, uso kwa uso, wala hakunong'ona nyuma ya mgongo. Tena hakumchukia baba yake: walikufa katika vita moja, kule Gilboa. Mtu anaweza kukataa zambi ya mkubwa wake na kuendelea kumpenda.

Anayecheza kwa nafasi ya kununuliwa anafikiri amepata faida. Akumbuke mwaka 1974. Mwezi wa tatu, ekipe ya Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9. Tarehe 18 Juni, ekipe ile ile ilifungwa na Yugoslavia mabao 9 kwa sifuri katika Kombe la Dunia kule Ujerumani ya Magharibi. Wachezaji walikuwa wamelalamika kwamba hawakupewa feza walizoahidiwa. Tena siku hiyo mwamuzi alimtoa Ndaye kwa kosa la Mwepu Ilunga. Wachezaji hawakusahau kucheza kwa miezi mitatu. Mahali haki inapokosekana, moyo unavunjika, na mwenye moyo uliovunjika anafungwa hata kama miguu yake ni mizima.

Basi kijana afanye namna gani? Afuate njia ya Matayo 18. Aende kwanza peke yake, kwa heshima: "Mwalimu, mwenzangu huyu ananipita. Umpe nafasi yangu." Asiposikiwa, aende na mwenzake mmoja au wawili. Wakishindwa, wapeleke jambo kwa prefe na kwa kamati ya wazazi. Asitukane, asitupe mawe, wala asicheze vibaya kwa kusudi, maana hapo atawaonea wenzake naye pia.

Lakini kuna jambo ambalo njia hii ya kwenda peke yake haifai. Kocha akimtaka binti mwili wake kama bei ya nafasi, binti asirudi kwake peke yake hata mara moja. Amwambie mama yake au mtu mzima anayemwamini siku ile ile, nasi twende kwa wakubwa wa serkali. Sheria ya inchi ya tarehe 20 Julai 2006 inaadhibu tendo hilo. Mzazi anayenyamaza ili kuficha haya anamlinda mkosaji.

Na sisi wazazi, mbuzi ile ilitoka katika zizi la nani? Tena sisi mashemasi, kama nafasi katika fanfari au korali inatolewa kwa sababu ya undugu, tutawafundisha vijana kwa kinywa gani?

Tata Simon Kimbangu alirudi Nkamba mwezi wa Septemba 1921, akajitoa mwenyewe kwa waliomtafuta. Hakushika silaha, wala hakukana kazi aliyopewa. Tarehe 3 Oktoba mahakama ya kijeshi kule Thysville ilimhukumu kufa, bila mtetezi. Hukumu iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafa kifungoni Elisabethville, Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Ni miaka 30. Kocha hana gereza. Anachoweza kumnyang'anya kijana anayesema kweli ni jezi, na jezi ile ilikuwa ya mwenzake.

Bwana awape vijana wetu kinywa cha Yonatani, nasi wazazi atupe masikio.