Haki ya Gurudumu Katika Nyika

Hapana jambo gumu kuhukumiwa kama madhara yatokayo katika mapenzi. Adui wa kitu hujulikana kwa uadui wake, na watu hujihadhari naye mapema. Lakini mpenzi wa kitu huja na sifa kinywani, na mlango hufunguliwa kabla hajabisha hodi. Hivyo ndivyo ilivyo habari ya milima na nyika zisizokaliwa na watu. Mchimba madini na mkata magogo walijulikana tangu zamani kuwa wametaka kuchukua. Yuko mtu mwingine ambaye hataki kuchukua kitu. Hupanda baiskeli yake, hufuata kijia chembamba kilichofanywa na nyayo za wanyama na wachungaji, huvuka vijito, hupita juu ya mizizi na mawe, hushuka mteremko kwa mbio iliyochanganyika na hofu, kisha hurudi nyumbani hana alichochukua ila furaha. Je, mtu huyu ana haki katika nyika sawa na haki ya mtu aendaye kwa miguu? Na ikiwa hana, ni mizani gani iliyomnyima?

Katika Afrika ya Mashariki baiskeli imepita vijia vya mashamba na vilima kwa miaka mingi. Imebeba ndizi, maziwa, mkaa, hata wagonjwa, wala hapana aliyeuliza kama ina haki ya kupita. Swali halikuulizwa kwa sababu haja ilikwisha kulijibu. Limezuka mahali ambapo gurudumu limepelekwa mlimani kwa ajili ya mchezo, na mchezo si haja ya tumbo. Lakini kosa lingekuwa kudhani kwamba jambo la mchezo ni jambo dogo. Mwanadamu huonyesha tabia yake kwa anachokifanya akiwa huru kuliko kwa anachokifanya akiwa amelazimika.

Mchezo wenyewe si wa kale. Katika wilaya ya Marin, kaskazini ya San Francisco katika jimbo la California, upo mlima uitwao Tamalpais. Katika miaka ya 1970 vijana wa huko walizitafuta baiskeli nzito zilizofanywa miaka ya 1930 na 1940, wakazipandisha vilimani na kuzishusha kwa kasi. Tarehe 21 Oktoba 1976 walianza mashindano ya kushuka njia moja mashuhuri karibu na mji wa Fairfax. Breki iliyokuwamo ndani ya gurudumu la nyuma ilipata moto hata grisi ikaungua na kutoka moshi, ikawa lazima gurudumu lifunguliwe na kutiwa grisi mpya. Kwa sababu hiyo njia ile ikaitwa Repack, maana yake kutia grisi tena. Mwaka 1977 Joe Breeze alianza kuunda baiskeli mpya kwa kazi hiyo hasa, na mwaka 1996 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Atlanta. Kwa miaka 20 tu, jambo la vijana wachache lilikuwa jambo la dunia.

Lakini gurudumu lilipofika nyikani lilikuta sheria imekwisha kutangulia. Howard Zahniser, aliyeandika rasimu ya Sheria ya Nyika ya Marekani, alihangaika nayo miaka minane, akafa Mei 1964. Rais Lyndon Johnson aliitia sahihi tarehe 3 Septemba mwaka huo huo. Sheria ilianza kwa ekari kama milioni 9, na leo inalinda zaidi ya ekari milioni 111. Imekataza magari, mashine, kutua kwa ndege, na kila namna nyingine ya usafiri wa kimakanika. Wakati ilipoandikwa hapana aliyeifikiria baiskeli ya mlimani, kwa kuwa haikuwapo. Kanuni ya Idara ya Misitu ya mwaka 1966 ilieleza usafiri huo kuwa ni wa chombo kiendeshwacho kwa nguvu isiyo ya kiumbe hai, na miguu ya mwendesha baiskeli ni hai. Lakini mwaka 1984 baiskeli ilikatazwa bila ya shaka. Tangu hapo pande mbili zimeshindana. Mwaka 2017 kamati moja ya Bunge la Marekani ilipitisha muswada wa kuondoa katazo hilo, nao haukufika kuwa sheria.

Kugombana juu ya maneno ya sheria ni kazi ya mawakili. Kazi ya mwenye kufikiri ni kuuliza katazo linalinda nini. Hoja zinazotolewa ni tatu, nazo hazina uzito mmoja.

Hoja ya kwanza ni udongo. Husemwa kwamba gurudumu hulima njia, maji ya mvua yakafuata mfereji, na mlima ukamomonyoka. Bandu bandu huisha gogo, wala mlima hauepukani na kanuni hiyo. Lakini shahidi akiitwa sharti asikilizwe hata akisema yasiyotakiwa. Mwaka 1994 wachunguzi wawili, Wilson na Seney, walitangaza matokeo ya majaribio yao katika vijia vya milima ya Montana: kwato za farasi na nyayo za watu zililegeza udongo kuliko magurudumu. Mwaka 2001 Thurston na Reader walieleza majaribio yao katika msitu wa Ontario, walikopitisha watu na baiskeli hata mara 500 mahali pamoja, wasione tofauti kubwa baina ya dhara la mguu na dhara la gurudumu. Ni kweli kwamba mwendesha baiskeli huenda mbali zaidi kwa siku moja, na kwamba akifunga breki kwa ghafula huburura tairi na kuchana ardhi. Juu ya hayo, ikiwa udongo ndio hakimu, basi farasi angehukumiwa kwanza, naye katika nyika za Marekani ameruhusiwa. Mtu asemaye kuwa anautetea udongo, na huku anasamehe kwato, hautetei udongo. Anatetea mazoea yake. Katazo lililojengwa juu ya hoja hii peke yake lingeanguka.

Hoja ya pili ni amani ya watu. Aendaye kwa miguu katika kijia chembamba huenda amefungua masikio yake kwa ndege, kwa upepo, na kwa mawazo yake mwenyewe. Ikiwa anajua kwamba nyuma ya kona yoyote laweza kutokea gurudumu liendalo kwa kasi, masikio yale yale hayana budi kugeuka kuwa masikio ya mlinzi. Yawezekana siku nzima asikutane na baiskeli hata moja; hata hivyo amani yake imekwisha kuchukuliwa. Hili ni dhara lisilotoa damu, kwa hiyo ni rahisi kukanwa. Lakini uhuru wa mtu mmoja ukimlazimisha mwingine kukaa katika hadhari, hauwezi kuitwa uhuru usiomgusa mtu. Kwa sababu hii sheria ya Uingereza ya mwaka 1968, iliyowapa waendesha baiskeli haki ya kupita katika njia za farasi, iliwapa na wajibu pamoja nayo: wawapishe waendao kwa miguu na wapandao farasi. Mwenye kasi ampishe asiye na kasi. Ni hukumu ya haki, kwa kuwa mwenye uwezo wa kudhuru ndiye apaswaye kuubeba mzigo wa tahadhari. Lakini hoja hii nayo hudai adabu tu, haidai katazo.

Hoja ya tatu ni ngumu kuonekana, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Ukubwa wa nyika haupimwi kwa ekari peke yake. Hupimwa pia kwa saa. Bonde ambalo mwenye miguu hulivuka kwa siku mbili, na kulala humo usiku mmoja chini ya nyota, mwenye gurudumu aweza kulivuka kabla ya adhuhuri. Hapana mti uliokatwa wala jiwe lililoondolewa, na hata hivyo bonde limepungua. Lilikuwa la siku mbili, sasa ni la asubuhi moja. Kasi hula nyika bila ya kuacha alama ya meno. Dunia iliyobaki na sehemu chache za mbali haiwezi kuongeza umbali. Umbali ukitumika haupandwi tena kama mti. Kwa maana hii katazo halilindi udongo tu wala masikio ya msafiri. Linalinda umbali wenyewe, na pamoja nao unyenyekevu ambao umbali humfundisha mtu.

Yaweza kujibiwa kwamba aendaye kwa miguu naye ana viatu vya kiwanda, jiko la gesi na hema jepesi, na kwamba mteleza katika theluji ana vyuma miguuni. Mpaka basi umewekwa wapi, na nani aliyeuweka? Jibu ni kwamba mpaka umewekwa na watu, na ungaliweza kuwekwa mahali pengine. Lakini mpaka hauwi uongo kwa kuwa umechaguliwa. Mtu hupewa kura akitimiza miaka 18, na hapana ajuaye ni busara gani iliyomshukia usiku wa kuamkia siku ile. Juu ya hayo, bila ya mpaka hapana uchaguzi. Jambo la kuulizwa ni kama mpaka uliochaguliwa hutumikia kusudi lake, na kama waliouweka wako tayari kuutii unapowaelekea wao.

Katika sheria ya Marekani yenyewe umo ushahidi wa jambo hili. Sheria ya mwaka 1990 juu ya haki za walemavu ilieleza wazi kwamba Sheria ya Nyika haimkatazi mtu atumiaye kiti cha magurudumu kwa sababu ya ulemavu wake kuingia nacho nyikani. Basi gurudumu lenyewe si najisi. Gurudumu la kiti kile ni mguu wa asiye na mguu. Humfikisha mtu katika kipimo cha wenzake. Gurudumu la baiskeli humpitisha mtu kipimo hicho. Tofauti haimo katika chuma bali katika kazi ya chuma. Baiskeli za betri za siku hizi zimelizidisha uzito neno hili, kwa kuwa hata jasho, lililokuwa hoja kubwa ya waendesha baiskeli, limeanza kupunguzwa.

Hata hivyo, njia ya Marekani siyo njia pekee. Uskoti ulitunga sheria ya ardhi mwaka 2003, na haki zake zilianza kutumika mwaka 2005. Huko mtu ana haki ya kupita karibu katika nchi yote, kwa mguu, kwa farasi au kwa baiskeli, bila ya chombo cha injini, maadamu anaitumia haki yake kwa uangalifu. Katika milima ya Cairngorms, ambako kilele cha Ben Macdui kimefika mita 1309, baridi ni kali, majira ya mimea kuota ni mafupi, na udongo mweusi wa mboji hunywa maji kama sifongo. Jeraha moja la tairi lililopita siku ya mvua hukawia sana kupona. Sheria haikusimamisha askari katika kila kijia. Imemwachia mtu mwenyewe kushuka, kubeba baiskeli begani, au kurudi alikotoka. Inamheshimu kwa kumdhania kuwa mwema. Hatari yake ni kwamba dhamiri ya mtu hulala upesi pale mteremko unapokuwa mtamu.

Katika Nyuzilandi imejaribiwa njia ya kati. Njia ya Heaphy, yenye urefu wa kilomita kama 78, ilifungwa kwa baiskeli baada ya kuingizwa katika hifadhi ya taifa ya Kahurangi mwaka 1996. Mwaka 2011 ilianza kufunguliwa tena kwa majaribio katika miezi ya baridi, wakati wenye miguu ni wachache. Hapo mlima haukugawanywa kwa ardhi bali kwa majira. Ugawaji huo umekiri kwamba haki mbili zaweza kuwa za kweli zote mbili, na zisiweze kutimizwa mahali pamoja kwa saa moja.

Basi hukumu yafaa iwe hivi. Katika milima mingi, karibu na miji na mashamba, kumnyima mwenye baiskeli njia ni choyo iliyovaa nguo ya utu wema. Wenye miguu hawakuuumba mlima, na raha yao si takatifu kwa kuwa ilitangulia. Lakini katika nyika chache zilizobaki, ambazo thamani yake ni umbali, kasi ni namna ya kuchukua, hata ikiwa mchukuaji hajui kwamba amebeba kitu. Huko katazo ni la haki, kwa sharti moja: asimame chini yake kila mtu. Mwenye farasi akubali kupunguziwa farasi wake mahali kwato zinapoharibu. Mwenye miguu akubali kungoja zamu yake wageni wanapokuwa wengi. Anayemkataza mwenziwe asiloweza kujikataza hana mamlaka ila ya nguvu.

Kwa mwenye baiskeli limebaki neno moja zito. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na nyika ni kitu cha mvunguni kwa kila mtu. Kuinama kwake kwaweza kuwa ni kukiegemeza mtini chombo akipendacho na kuendelea kwa miguu, polepole, akifika machache kuliko aliyoyatamani. Anayeweza kufanya hivyo bila ya kinyongo ndiye aliyeupenda mlima. Asiyeweza aliipenda mbio yake, na mbio yaweza kupatikana mahali pengi.