Bakuli la Mtoto

Katika Injili ya Marko Mtakatifu mna habari ya Yairo, mkuu wa sinagogi, aliyemwendea Bwana Wetu Yesu Kristu kwa sababu binti yake, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa mahututi. Habari hiyo twaijua sote tangu siku za katekisimu. Wakiwa wangali njiani zikaja habari kwamba binti amekwisha kufa. Bwana hakurudi nyuma. Alifika nyumbani, akawatoa nje waombolezaji waliomcheka, akamshika binti mkono, naye akainuka akatembea. Hapo wahubiri wengi hukoma, kwa kuwa muujiza umekwisha. Lakini Mwinjili ameongeza jambo moja dogo, ambalo pengine limetupita masikioni mara nyingi: Bwana aliagiza mtoto apewe chakula.

Yeye aliyeweza kumrudishia binti uhai angeweza pia kumshibisha papo hapo. Hakufanya hivyo, kazi ile aliwaachia wenye nyumba. Tena tuangalie ni nani waliokuwamo chumbani. Pamoja na wanafunzi watatu, walikuwamo baba na mama, wote wawili. Agizo la kumlisha mtoto halikutolewa kwa mama peke yake, huku baba ameketi barazani pamoja na wageni.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo linalotuhuzunisha. Katika uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022, katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka mitano, 30 walionekana wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Mtu angedhani kwamba mikoa ya ukame ndiyo iliyoongoza. La, sivyo. Mkoa wa kwanza ulikuwa Iringa, watoto 57 hivi katika kila 100. Njombe na Rukwa zilifuata, karibu nusu ya watoto wote. Hiyo ndiyo mikoa ambayo malori ya mahindi hutoka kwenda kulisha mikoa mingine! Katika Njombe parachichi huchumwa kwa maelfu ya tani na kusafirishwa ng'ambo, na hali parachichi lililoiva ni chakula cha mtoto kilichokwisha kupikwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Lahitaji kijiko tu.

Tena ugonjwa huu hauji na kelele. Mtoto aliyedumaa hucheka, hucheza, hubebwa mgongoni kama wenzake. Jirani atasema ni mfupi kama babu yake. Lakini kilichopungua si mifupa peke yake. Katika miaka miwili ya kwanza ubongo nao unajengwa, na tofali lisilowekwa wakati ule ni shida kuliweka baadaye. Mwalimu wa darasa la tatu atamwita mtoto huyo mvivu, na baba atamchapa kwa kushindwa hesabu.

Sasa, mtoto huyo alikula nini? Twende jikoni tutazame. Kwa miezi sita ya kwanza alinyonya maziwa ya mama, nayo yalimtosha, bila maji wala uji. Kisha ukafika wakati wa kuongezewa chakula, naye akapewa uji mweupe: unga wa sembe, maji mengi, na sukari kidogo. Asubuhi uji, mchana ule uji wa asubuhi uliopoa, jioni uji. Tumbo lake lajaa, lakini limejaa maji. Tumbo la mtoto wa miezi minane haliwezi kubeba hata kikombe kizima kwa mara moja. Ikiwa ndani ya kikombe hicho unga ni kidogo na maji ni mengi, atashiba na huku ana njaa. Wala mahindi peke yake hayana vitu vyote vya kujengea mwili. Madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni mwa mama yake hupungua sana karibu na mwezi wa sita, na uji mweupe hauna cha kutosha kuyarudisha.

Tumekwisha kuona Jumapili za mavuno. Ni siku ya furaha, na hatuna nia ya kuikejeli. Magunia hupangwa mbele ya altare, kuku hufungwa miguu, mayai huletwa katika vikapu. Lakini twajiuliza: lile yai lililoletwa, je, yule mtoto aliye mgongoni mwa mama mtoaji amepata kuonja hata moja mwezi huo? Mungu hana njaa ya yai la mtoto. Baba apate paja la kuku, mgeni apate kidari, mfanyabiashara apate trei ya mayai, altare ipate sadaka, na mtoto apate mchuzi! Twasema kwa heshima, lakini twasema: utaratibu huu hautoki katika Injili.

Kuna neno jingine ambalo wengi huliogopa, nasi hatutaliepuka. Mtoto akikonda, au akivimba miguu na nywele zikawa nyekundu, watu hunong'ona kwamba amebemendwa. Ati baba au mama ametoka nje ya ndoa wakati mtoto angali ananyonya. Basi wazazi huona haya, mtoto hufichwa chumbani, hutafutwa dawa ya mitishamba, na siku ambazo angaliweza kuokolewa zahanati hupita. Ugonjwa huo wa kuvimba waganga wauita kwashiakori. Jina hilo limetoka katika lugha ya Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams ndiye aliyeliingiza katika maandishi ya uganga katika miaka ya 1930. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa nafasi yake kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wazee wale waliona vema: mtoto aliondolewa kwenye maziwa, akapewa uji mtupu. Uzinzi ni dhambi kubwa, wala hatuupunguzii ubaya wake hata chembe. Walakini tusiutwike mzigo usio wake. Mume na mke waaminifu kabisa, wanaosali Rozari kila jioni, wanaweza kumpoteza mtoto kwa bakuli la uji mweupe. Mwenye mtoto wa namna hiyo asimfiche. Ampeleke hospitali leo, asingoje kesho.

Basi tufanyeje? Akina mama watatucheka kwa kuingia jikoni mwao, lakini na tuseme yale tuliyofundishwa na wajuao.

Kwanza, hakuna chungu cha pili cha kutafuta. Chakula cha mtoto kimo katika chungu cha nyumba. Maharagwe yakiiva, na kabla ya kutia chumvi na pilipili, chota vijiko vitatu, viponde kwa mgongo wa mwiko, vipitishe katika chujio ili maganda yabaki. Changanya na kiazi kitamu kilichopondwa, au ndizi, au ugali laini, ongeza mchicha au majani ya kunde yaliyokatwakatwa sana, na tone la mafuta. Hicho ni chakula cha mtoto, wala hakina gharama ya dukani. Wenzetu wa Uganda, katika hospitali ya Mulago huko Kampala, tangu miaka ya 1960 wamewafundisha akina mama kupika mchanganyiko wa namna hii kwa vitu vya shambani mwao. Watoto waliokuja wamevimba walirudi nyumbani wamenenepa, na mama alirudi na ujuzi wa kumlinda mdogo wake.

Walio karibu na ziwa au bahari wana dagaa. Waondolewe vichwa, waoshwe mchanga, wakaushwe tena, watwangwe kuwa unga. Kijiko kimoja cha unga huo ndani ya uji unaochemka chatosha kuugeuza uji. Karanga nazo zikaangwe na kusagwa, zitiwe uji ukiwa jikoni. Yai lichemshwe hata likauke, lipondwe. Ini la kuku, kipande kidogo tu, kisagwe. Mabibi watasema mtoto akila mayai atachelewa kusema. Tunawaheshimu mabibi, maana wametulea. Lakini katika hili wamekosea.

Uji wenyewe uwe mzito. Uinue kwa kijiko: ukimwagika kama maji, haufai, ukikaa kijikoni, unafaa. Pengine mtoto mchanga hushindwa kuumeza uji mzito. Kwa hilo ipo dawa ya zamani, nayo ni kimea. Wapika pombe wanaijua, ila hawajafikiri kuitumia kwa mtoto! Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka uchipue, uanike juani ukauke sana, usage. Pika uji mzito, uepue, uache upoe kidogo, kisha tia kijiko kimoja cha unga huo ukoroge. Kabla hujamaliza kutafuta kikombe uji umekuwa mwepesi, na hali unga wote umo ndani yake. Urudishe motoni uchemke kidogo, umpe mtoto. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, ilieneza elimu hii katika miaka ya 1980. Twasikitika kuona imesahauliwa katika nyumba nyingi.

Hapa tungependa kuingiza neno juu ya ule unga uitwao unga wa lishe, unaouzwa au kusagwa mashineni kwa kuchanganya mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, soya mbichi na karanga, vyote kwa pamoja. Jina ni zuri kuliko kitu chenyewe. Nafaka tano zilizochanganywa bado ni nafaka. Moja au mbili zatosha. Soya isiyochemshwa wala kukaangwa humzuia mtoto kutumia protini aliyokula. Na karanga zilizosagwa pamoja na unga huvunda upesi. Karanga au mahindi yenye ukungu ni sumu, wala kupika hakuiondoi. Watu wa Dodoma na Manyara walipata msiba wa sumu hiyo, sumukuvu, katika mwaka 2016. Punje zilizooza hazifai kwa mtoto hata kidogo, wala tusiseme atakula kuku. Nazo zimdhuru kuku.

Pili, mtoto awe na bakuli lake mwenyewe. Akila sinia moja na kaka zake, wao wana mikono mirefu. Katika bakuli lake mama ataona alichokula na alichobakiza. Mtoto wa miezi sita aanze kwa vijiko viwili au vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Akifika miezi tisa, nusu kikombe, mara tatu au nne. Akitimiza mwaka, robo tatu ya kikombe hata kikombe kizima, na tunda katikati. Na maziwa ya mama yaendelee hata miaka miwili na zaidi. Chai asipewe, wala asali kabla ya mwaka mmoja. Mikono ioshwe kwa sabuni, na uji wa asubuhi usingoje jioni.

Mara nne kwa siku! Twasikia mama mmoja akiguna, na ana haki. Ameondoka alfajiri kwenda shamba, amerudi na kuni kichwani, maji hayapo, na mtoto ameshinda na dada yake wa miaka saba. Huyo hatuwezi kumhubiria kupika mara nne tukaondoka. Hapa ndipo tunapomgeukia baba. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1136, yaweka juu ya wazazi wote wawili wajibu mzito sana wa malezi ya watoto, na malezi ya mwili yametajwa kwanza, kabla ya yale ya roho na dini. Mwanamume anayechota ndoo mbili za maji, au kuleta kuni kwa baiskeli yake, amempa mkewe saa nzima ya kukaa na mtoto. Anayetoka mnadani na robo kilo ya dagaa badala ya chupa mbili za bia amefanya kazi ambayo Mtakatifu Yosefu angeitambua mara moja.

Wengine huona mambo ya vijiko na mabakuli hayalingani na mahali patakatifu. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko alipobatiza watoto wachanga katika Kikanisa cha Sisto, mwaka 2014 na tena mwaka 2017, aliwasikia wakilia, akawaambia mama zao wawanyonyeshe pale pale kama wana njaa, wasione haya. Dari la kikanisa kile lina picha za Michelangelo, na mtoto mwenye njaa alitangulia picha zote.

Kwa hiyo tuna ombi kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Mkutano wenu mmoja wa mwezi ujao, baada ya Neno la Mungu, wekeni chungu mekoni. Kila nyumba ilete kitu kimoja ilicho nacho: huyu maharagwe, huyu kiazi, huyu yai, huyu majani ya maboga. Mwiteni mhudumu wa afya wa kijiji aje na mizani. Pikeni, pondeni, walisheni watoto wote waliopo, mkiona kila mmoja amekula kiasi gani. Na akina baba wawepo tangu mwanzo. Kuni ni juu yao.