Mgongo wa Mvuvi

Petro alikuwa amekesha ziwani usiku kucha bila kupata kitu, na Bwana wetu hakuanza kwa kumkemea. Aliingia chomboni mwake. Nasi tumwendee vivyo hivyo mvuvi wa usipa wa Matema na Itungi, avutaye wavu gizani kwa mwanga wa taa, hata mgongo ukamuuma usiku na mchana.

Akipewa tramadoli pasipo cheti cha daktari, maumivu hunyamaza, naye hurudi kazini. Lakini dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na afyuni. Mwili huizoea, hudai zaidi; akiizidisha, hasa pamoja na pombe, aweza kushikwa na kifafa au kukatika pumzi, naye yu mtumbwini!

Kutafuta nafuu si dhambi: Msamaria mwema alitia mafuta na divai jerahani. Ila alilipa pia gharama za kumwuguza. Enyi wenye mitumbwi, mgawanao samaki alfajiri, je, mmempa mvuvi wenu siku ya kupumzika na nauli ya kwenda hospitali?

Naye aliyekwisha kutekwa na vidonge asifukuzwe kama mwizi. Tangu 2011 Muhimbili huwatibu kwa methadoni waliotekwa na heroini. Basi utumwa huo ni ugonjwa. Padre azungukiapo wagonjwa, alifikie na banda lake la ufukoni.