Picha za Yaya

Huko Chicago, Marekani, yaya Vivian Maier alizunguka mitaani miaka mingi na kamera yake, akiwapiga picha wapita njia, watoto, vibarua, mabibi wenye kofia. Filamu nyingi hata hakuzisafisha. Mwaka 2007 masanduku yake yakapigwa mnada kwa deni la kodi ya stoo. Akafariki 2009, kabla dunia haijamjua. Negativu zaidi ya 100,000! Inaniuma. Lau angekaa na mpiga picha mwenzake, akaambiwa, “Hapa mwanga umekubali, pale ungesogea kidogo.” Nawe uliyerudi kutoka Lamu au Kigoma na picha zako, waite wenzako jioni, mzitazame picha moja moja. Na yule muuza samaki uliyempiga picha, mpelekee nakala yake.