Chombo cha Kukodi si Aibu

Andiko: Luka 14:28–30, 2 Wafalme 6:1–7

Tangu timu ya misheni irudi kutoka Lamu, kuna swali linazunguka kwenye ushirika wa nyumbani: mbona kanisa linakodi ndege kila safari? Kwa nini tusifungue mfuko tukanunua ndege ndogo yetu wenyewe? Na anayeuliza itagharimu kiasi gani huambiwa hana imani. Swali hili linastahili jibu, kwa sababu pesa za mfuko huo zitatoka kwa mama anayeuza viazi karai Majengo, na kwa kijana wa tuktuk ambaye kila jioni lazima kwanza ampelekee mwenye chombo pesa yake.

Kwanza, kupiga hesabu si kukosa imani. Bwana Yesu mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara aketi kwanza, ahesabu kama anazo za kumalizia. Msingi ukikwama njiani, wapita njia hucheka.

Haya, tuhesabu. Ndege kama Cessna 172 ina viti vinne, na kimoja ni cha rubani. Kutoka hapa hadi Lamu ni kama saa moja na robo, kwa hiyo kwenda na kurudi ni saa mbili na nusu. Bei ya kununua ni mlango tu. Ukishaingia utakuta bima, maegesho, ukaguzi wa kila mwaka, fundi mwenye leseni na mshahara wa rubani. Hizo unalipa hata ndege isipoinuka.

Namba hizi ni za mfano tu. Tuseme gharama hizo za lazima ni shilingi 2,100,000 kwa mwaka, na kila saa ya kuruka inakula 25,000 za mafuta na matengenezo. Kukodi pamoja na rubani tuseme ni 60,000 kwa saa. Tukienda Lamu mara 4 kwa mwaka, hizo ni saa 10. Kukodi ni 600,000. Kumiliki ni 2,350,000, na bado hatujagusa pesa za kununulia. Ili kumiliki kulingane na kukodi, turuke saa 60, yaani safari 24 kwa mwaka. Jamani, kila wiki mbili tuko Lamu?

Tena ndege haipumziki bure. Injini za aina inayotumika sana kwenye ndege hizo, kiwanda hupendekeza zifunguliwe na kukarabatiwa upya baada ya saa 2,000 hivi, au miaka 12, hata kama saa hizo hazijatimia. Injini isiyoruka mara kwa mara huota kutu ndani, na sisi tunaishi kisiwani, kwenye hewa ya chumvi. Wazee wa Mji wa Kale wanalijua jambo hili bila kwenda chuo. Jahazi likikaa Bandari ya Kale bila shehena, bado linataka kupandishwa pwani, kutiwa kalafati na kupakwa mafuta. Chombo hula hata kikiwa kimelala.

Pili, tuangalie moyo. Ukishamiliki kitu cha gharama, unaanza kukitafutia kazi. Tutajikuta tunaanzisha safari ili ndege isikae, na kijiji kinachofikika kwa matatu tukisahau kwa sababu hakina uwanja wa ndege. Na kuna kitu kingine tuseme wazi: wengine hatutaki ndege, tunataka kuonekana tuna ndege. Lakini Bwana wetu alihubiri kutoka kwenye mashua ya Simoni, akaingia Yerusalemu juu ya mwanapunda wa kuazima, akazikwa kwenye kaburi la Yusufu. Paulo alivuka bahari kama abiria, na kule Rumi alikaa miaka miwili kwenye nyumba ya kupanga. Injili haikupungua.

Sisemi kumiliki ni dhambi. Mwaka wa 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma tunayoijua leo kama AMREF. Madaktari wake wa ndege wanahitaji chombo kilicho tayari, kwa sababu mtu anayevuja damu hawezi kungoja utafute wa kukukodisha. Hapo kazi yenyewe ndiyo inadai chombo. Kwetu sisi ni chombo kitakachodai kazi.

Tatu, mkodishaji naye ana jaribu lake: kusema, "Si yangu, acha kiharibike." Yule mwanafunzi wa nabii, shoka lilipotumbukia Yordani, alilia kwa sababu lilikuwa la kuazima. Hakusema mwenyewe atajijua. Hicho ndicho kipimo cha anayetumia cha mwenzake, iwe ni ndege, tuktuk, au chumba cha kupanga Kibokoni. Na tukifikiri vizuri, nani hapa amemiliki kitu kabisa? Mwili huu na miaka hii tumepewa kwa muda. Siku ya kurudisha iko, na Mwenyewe ataangalia tulivyotumia.

Kwa hiyo msimamo wangu, nitakaousema hata kwenye mkutano wa washirika, ni huu: tuendelee kukodi, na mfuko wa ndege usifunguliwe. Siku misheni itakapokuwa nyingi hadi kukodi kuwe ghali kuliko kumiliki, tukae tena tuhesabu. Wiki hii, kabla hujanunua kitu kwa mkopo, jiulize mambo matatu: nitakitumia mara ngapi? Kitakula nini kikilala? Na je, ninakitaka kwa kazi, au kwa macho ya watu?

Mungu atupe moyo wa kutunza tulichoazimwa. Amina.