Je, Chambo cha Bandia ni Uongo?

Wako vijana hapa Ruvu wanaojifunza kuvua kwa chambo cha plastiki laini, kilichofanywa mfano wa nyungunyungu au wa samaki mdogo. Duniani si kitu kipya: Mmarekani Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza nyungunyungu wa plastiki mwaka 1949. Lakini sisi tumezoea kuchimba nyungunyungu penye unyevu na kuwatia koponi.

Anayeanza huona taabu. Chambo cha plastiki hakina uhai ila ule kinaopewa na mkono wa mvuvi. Hana budi kuvuta kidogo, kukiacha kizame, kisha kuvuta tena, mshipi usilegee. Maana samaki akikionja hutambua si chakula, akakitema upesi. Tena wakati wa masika maji ya Ruvu ni tope, na kambale hutafuta riziki kwa harufu na masharubu kuliko kwa macho. Basi kijana hurudi mikono mitupu, akamkuta nduguye mwenye kopo keshapata kitoweo.

Bibi mmoja alituuliza, "Walimu, kumdanganya samaki si dhambi?" Wengine walicheka. Swali si la kuchekwa. Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, wala hakuruhusu uongo hata wa kuokoa maisha. Lakini alinena habari za mtu asemaye neno huku moyoni ana jingine, akitaka kudanganya. Samaki hatukumwambia neno, wala hatukumwahidi kitu. Mamba naye hujilaza kama gogo (vijana na wajihadhari naye!), wala hatumwiti mwongo. Kwa hiyo twaona kijana hana hatia.

Bibi hakuridhika. "Samaki akiponyoka kwenye nyungunyungu wangu, amekula. Akiponyoka kwenye plastiki yenu, ameondoka na nini?"

Hapo ametushika. Plastiki haiozi, mshipi ukikatika, hubaki mtoni au tumboni mwa samaki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu tarehe 1 Juni 2019, nasi tusiirudishe plastiki kwa njia ya ndoana katika mto tunaounywa sisi na watu wa Dar es Salaam.

Lakini swali la bibi lafika hata kanisani. Simoni na Andrea, walioitwa kuwa wavuvi wa watu, walikuwa wakitupa wavu, na wavu haumwonyeshi samaki chakula cha uongo. Leo twasikia vipaza sauti vikiahidi magari, safari za Ulaya, na uponyaji kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu si samaki. Huyu tumemwambia neno, naye ametuamini. Pipi ya Shule ya Jumapili haina neno, mtoto ameila kweli. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba akikesha katika maombi atafaulu mtihani bila kusoma, je?

Sisi tuliofundisha miaka mingi twawajua watoto wa namna hiyo. Walikesha, wakafeli. Baadhi yao wako hapa hapa mtaani, watu wazima sasa wenye watoto wao, na wakipita mbele ya kanisa hawageuzi shingo.